Lebo za Asubuhi

Mimi ndiye niliyeanzisha mtindo wa kuandika lebo asubuhi. Naanza na hilo kwa sababu wengi hospitalini mpaka leo wanamlaumu Bwana Dakika, na mimi simpendi Bwana Dakika kiasi cha kumwachia sifa isiyo yake.

Chumba chetu kiko mwisho wa korido ya chini, nyuma ya mlango wa chuma, na joto lake halina likizo. Vifaa vya upasuaji vikishatumika vinaletwa kwetu: mikasi, koleo, visu, sindano za kushonea. Tunaviosha, tunavikagua kimoja kimoja, tunavipanga kwenye trei, tunafunga kila trei kwa vitambaa viwili vya buluu, kisha trei zinaingia kwenye mashine ya mvuke ili vijidudu vyote vifie humo. Mashine ni ya zamani, kubwa, na tunaiita Mama Mkwe, kwa sababu haiharakishwi na haijibiwi. Kuosha na kufunga ni kazi yangu. Kupakia na kupakua ni kazi ya mwenzangu, mwanamume wa makamo tunayemwita Kimya. Jina amelipata kihalali. Tuko pamoja mwaka wa kumi na tisa sasa, na ukiyakusanya maneno yote aliyoniambia hayajazi daftari la shule.

Zamani trei ilikuwa inapata lebo ikishatoka kwenye mvuke. Kimya aliitoa ingali moto, akaiweka upande wa kulia wa meza, akasubiri ipoe, ndipo akaandika: imepita, tarehe, saa, sahihi. Akimaliza hiyo anachukua nyingine. Upande wa kushoto wa meza zilikaa zinazosubiri kuingia, zikiwa hazina lebo. Ukimtazama akifanya kazi hiyo unaweza kusinzia ukiwa umesimama.

Bwana Dakika aliletwa na uongozi mwaka jana kusimamia ratiba za hospitali nzima. Kijana mpole, shati limenyooka, saa ya kupimia muda inaning'inia shingoni. Alisimama pembeni mwa sinki langu siku nne, kila mara akisema, "Samahani, mama, endelea tu kama vile sipo." Siku ya kwanza nilimuuliza kama chooni pia atanifuata na saa yake. Aliona haya mpaka masikio yakamwiva. Siku ya tano akaleta ubao mweupe, akautundika juu ya meza: kazi, dakika zilizopangwa, dakika zilizotumika. Ukiwahi, mstari wako unachorwa kijani. Ukichelewa, mwekundu.

Nilimcheka. Niliapa kwamba mimi si mtu wa kuchorwachorwa. Lakini wiki iliyofuata mstari wangu ukawa kijani siku tatu mfululizo, na mkuu wa wauguzi akapita, akausoma, akanipa mkono. Kwa miaka kumi na minane hakuna aliyewahi kunipa mkono katika chumba kile. Kichwa kilinivimba, sikatai. Nikaanza kuwinda dakika kila pembe ya kazi yangu, na nilipozimaliza za kwangu nikahamia kwa Kimya.

Bwana Dakika alikuwa amesema kazi zinazofanana zifanywe kwa mkupuo mmoja. Basi nikaona lebo. Kwa nini mtu aandike lebo moja moja kutwa nzima, wakati ratiba ya upasuaji inajulikana tangu saa moja? Nikakaa asubuhi, nikaandika lebo zote za siku, nikazibandika kwenye trei palepale nilipozifunga, kabla hazijaingia kwenye mashine. Tuliokoa dakika nne kila mzunguko. Bwana Dakika alipoona hesabu alipiga makofi, yeye peke yake, katikati ya chumba.

Kimya alishika trei moja, akasoma lebo, akanitazama.

"Dada, hii inasema imepita."

"Ndiyo."

"Haijapita."

"Itapita. Kwani iende wapi?"

"Sawa. Lakini haijapita."

Nikamwambia aache ukichwa ngumu, apakie. Akapakia. Miezi minne ikaenda, mstari wake nao ukawa kijani, na sikumsikia tena akizungumzia lebo.

Sasa niwaambie kuhusu siku yenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwanangu alilazwa kwa maumivu ya tumbo, wakamkuta ana kidole tumbo, wakampangia upasuaji saa nne asubuhi. Nasema mwanangu, ingawa aliyemzaa ni dada yangu. Dada alifariki mtoto akiwa na miaka minne, nikamchukua, na ingawa ananiita Mamdogo hajui mama mwingine. Ana miaka kumi na saba. Sina mwingine.

Ratiba ya asubuhi kwa kawaida ina trei tano, na Mama Mkwe anameza tano tu. Siku hiyo, kwa kuwa mwanangu aliongezwa, nikafunga trei sita, zote za aina moja, zote na lebo zake. Kimya akapakia tano. Ya sita akaiacha mezani isubiri mzunguko wa tatu, maana wa pili ulikuwa wa mashuka. Mimi sikumwona akiiacha, maana nilikuwa nimekwenda wodini. Nilikuwa na dakika ishirini nilizoziokoa, nikaona nizitumie kumshika mwanangu mkono. Alikuwa anatetemeka. Nikamwambia asiogope, vifaa vyote vya kumpasulia nimeviosha kwa mikono yangu.

Nikakaa mpaka walipokuja kumwandaa. Niliporudi, saa tatu na nusu ilikuwa imepita, na msukuma kitoroli alikuwa mlangoni anahema, anataka trei. Kimya alikuwa chumba cha nyuma akifungua maji. Mezani palikuwa na trei sita zenye lebo sita. Zamani ningetazama ipi iko kulia na ipi kushoto, lakini tangu lebo za asubuhi zianze pande hizo hazikuwa na maana tena, tulikuwa tunaweka popote penye nafasi. Ningezigusa kwa mkono mtupu ningejua, kwa sababu tano zilikuwa bado na uvuguvugu. Nilikuwa nimevaa glavu nene. Wala sikukumbuka kwamba Mama Mkwe humeza tano tu. Nikapanga sita kwenye kitoroli, tatu za chumba cha kwanza cha upasuaji, tatu za chumba cha pili, nikatia sahihi, nikatazama saa. Nilikuwa nimewahi kwa dakika mbili.

Kimya alitoka nyuma akapakia mashuka kwenye Mama Mkwe, akafunga mlango wake, akafungulia mvuke. Kisha akasimama mbele ya meza. Akainama akatazama chini ya meza. Akasimama tena.

"Dada, ile trei ya sita iko wapi?"

"Zimeenda zote."

"Zote ngapi?"

"Sita."

"Nilipakia tano," alisema.

Hakuna kati yetu aliyehitaji kuelezwa. Trei moja kati ya zile sita ilikuwa imeoshwa kwa sabuni na maji, basi. Ilikuwa imefungwa vizuri, ina lebo inayosema imepita, na chini ya maneno hayo kuna sahihi yangu. Muda si mrefu mkasi wake ungekuwa ndani ya tumbo la mtu. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika sita.

Nikarukia simu. Chumba cha kwanza, iliita mpaka ikakatika. Chumba cha pili, vilevile. Ndipo nikakumbuka kwamba simu za vyumba vya upasuaji sasa zinajibiwa mara moja kila saa, ili wasikatizwe kazi. Utaratibu huo nao niliusifu mwenyewe kikaoni.

"Nenda," Kimya alisema. Yeye hakuweza kutoka. Mashine ikishakuwa na mvuke haiachwi bila mtu, na hilo ni jambo ambalo hata Bwana Dakika hakuwahi kuligusa. "Anza na cha pili, ndicho cha karibu."

"Najua."

"Dada. Cha pili kwanza."

"Nimesikia, Kimya."

Chumba cha pili kiko kwenye korido yetu, hatua arobaini. Chumba cha kwanza kiko jengo jipya: unamaliza korido, unavuka ua, unapanda njia ya vitanda, unakunja kulia. Mwanangu alikuwa chumba cha kwanza.

Nilikimbia. Nina miaka hamsini na mbili na magoti yangu yana malalamiko yake, lakini siku hiyo yalinyamaza. Nilipofika mlango wa chumba cha pili, taa nyekundu ilikuwa inawaka. Mlango una kioo cha duara. Nilisimama, na nikachungulia.

Niliona trei zangu tatu juu ya rafu, bado zimefungwa, vitambaa vya buluu havijaguswa. Niliona yule muuguzi tunayemwita Sista Mrefu akivaa glavu. Niliona mgonjwa, mwanamume mnene, bado macho yako wazi, anatazama dari na kutikisa vidole vya miguu chini ya shuka. Sikumjua. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni fundi wa kuchomelea vyuma na alikuja kutengenezwa ngiri. Nilichotakiwa kufanya ni kusukuma mlango.

Nikapiga hesabu. Daktari wa chumba kile ni mbishi, atataka nimweleze mara mbili, atataka kujua nani kasema. Kueleza, dakika moja. Ubishi, dakika mbili. Kufungua trei na kukagua, dakika moja na nusu. Nne na nusu. Na chumba cha kwanza hawachelewi kamwe, saa nne ni saa nne, na daktari wao hukata kwa saa. Halafu nikajiambia hawa bado hata hawajamlaza mtu wao, wana muda, nitarudi. Hesabu hiyo yote niliipiga kwa muda wa pumzi mbili, maana ndiyo kazi niliyokuwa nimejifunza mwaka mzima. Nikauacha mlango.

Ua niliuvuka sijui vipi. Njia ya vitanda niliipanda nimeshika reli kwa mikono miwili, roho mkononi. Mlango wa chumba cha kwanza niliusukuma kwa bega.

"Viatu!" muuguzi alisema. "Mama, viatu, umeingia na viatu."

"Msitumie trei. Kuna moja haijapita kwenye mvuke."

Daktari wao, mwanamke mdogo wa umbo, alikuwa amenyoosha mkono anasubiri kisu. Mwanangu amelala, mdomo umefunikwa, tumbo limepakwa dawa ya kahawia. Trei moja ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Ndani ya kila trei tunaweka kikaratasi cha njano, ambacho kikipata mvuke wa kutosha kinakuwa cheusi. Muuguzi anatakiwa akitazame kabla hajagusa kitu chochote.

"Kikaratasi," daktari alisema. Hakupaza sauti.

Muuguzi akapekua. Cheusi. Akafungua trei ya pili. Cheusi. Ya tatu akahangaika na fundo, fundo langu mwenyewe, ninayejivunia kufunga haraka kuliko mtu yeyote. Cheusi.

Nilifurahi. Siwezi kulipamba hilo. Nilisimama katikati ya chumba na viatu vyangu vichafu, nikatazama tumbo la mwanangu likipanda na kushuka, nikajawa na furaha mpaka machozi yakanitoka, na kwa muda huo sikumkumbuka mtu mwingine yeyote aliye hai.

"Na trei nyingine?" daktari aliuliza. "Mama. Nyingine ziko wapi?"

Nilirudi mbio. Kuteremka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Uani nilijikwaa nikaanguka kwa viganja, nikaamka. Korido ilikuwa na watu, kitanda kinapishana na kitanda, nikasema samahani, samahani, mpaka nikaacha kusema nikawa nasukuma. Nilipofika kwenye kioo cha duara sikuchungulia, niliingia moja kwa moja.

Fundi alikuwa amelala. Daktari alikuwa ameinama, mikono imo ndani. Rafu ilikuwa tupu.

Nikasema nilichokuja kusema. Hakubisha. Zile dakika mbili nilizozitenga kwa ajili ya ubishi hakuzitumia hata nukta moja. Alisimama wima, akainua mikono, akasema, "Sista, tazama." Sista Mrefu akaenda kwenye kikapu cha vitambaa vilivyofunguliwa, akapekua, akatoa kikaratasi cheusi, akatoa kingine cheusi, kisha akatoa cha tatu. Kilikuwa cha njano kama kilivyotoka kwenye pakiti.

"Ulikitazama?" daktari alimuuliza.

"Hapana," Sista Mrefu alisema. Kisha akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Niliona mwandiko wako, dada. Nikajua imepita."

Tangu nilipouacha mlango ule mpaka nilipouingia zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Trei ilikuwa imefunguliwa katika dakika ya sita.

Walibadilisha vifaa, wakaosha jeraha, wakampa fundi dawa kali za kuua vijidudu. Tukasubiri. Siku ya pili alikula uji. Siku ya tatu homa ilipanda na jeraha likaanza kutoa usaha, wakalifungua upya. Mwanangu siku hiyohiyo aliruhusiwa kwenda nyumbani, akatembea mwenyewe hadi getini, akinilalamikia kwamba natembea taratibu.

Siku ya nne Bwana Dakika aliniita. Ubao alikuwa ameushusha mwenyewe, umeegemezwa ukutani, uso kwa ukuta. Macho yake yalikuwa mekundu na nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulitarajia. Mezani palikuwa na fomu ya tukio. Saa ya kugundua kosa: tulikuwa tumeijaza. Saa ya kufika chumba cha kwanza: tumejaza. Saa ya kufika chumba cha pili: tumejaza. Mstari wa mwisho uliuliza sababu ya kuanza na chumba kimoja na kuacha kingine.

"Mama," alisema, "tunaweza kuandika kwamba uliamini chumba cha kwanza kinatangulia kukata. Ni kweli, si ndiyo? Ratiba inaonyesha hivyo."

Ilikuwa kweli. Ratiba ilionyesha hivyo kwa tofauti ya dakika tano. Kwa karatasi ningesimama popote na hakuna ambaye angenigusa. Nilichukua kalamu, nikaandika: Mwanangu alikuwa chumba cha kwanza. Chumba cha pili nilikipita, nikaona trei bado zimefungwa. Nikatia sahihi na tarehe. Bwana Dakika alisoma, akafunga jalada.

Kutoka pale nilikwenda wodi ya wanaume. Kwenye korido nilipiga moyo konde mara tatu na mara tatu nikageuka. Mke wa fundi alikuwa kitandani kwa mumewe, mwanamke mwembamba, khanga begani, anamkanda mumewe paji la uso kwa kitambaa cha maji. Fundi alikuwa anaweweseka, anataja vipimo vya milango ya watu. Mke aliponiona alinikaribisha, akanishukuru. Alikuwa ameambiwa kuna mama mmoja alikimbia kuja kuokoa maisha ya mumewe.

"Usinishukuru," nilisema. "Mimi ndiye niliyeiandika ile lebo. Na nilipogundua, nilipita kwanza kwenye chumba alichokuwa anapasuliwa. Nilimwona kwa kioo, bado yuko macho. Trei zilikuwa hazijafunguliwa. Nikamwacha, nikaenda kwa mwanangu."

Kitambaa kilisimama juu ya paji la uso. Alinitazama kwa muda mrefu sana, na sikuupima.

"Mwanao anaendeleaje?"

"Amepona. Yuko nyumbani."

Aliichovya kona ya kitambaa kwenye bakuli, akaikamua.

"Ningekuwa mimi, ningepita vilevile," alisema. "Nisikudanganye. Lakini kukusamehe, bado. Na huyu akinifia sitakusamehe kamwe."

"Sawa, dada."

"Sijalala tangu juzi." Akasimama, akanipa kitambaa. "Kaa hapo. Maji yakipata joto ubadilishe. Akiniita, niamshe."

Akatandika khanga yake sakafuni chini ya dirisha, akalala akanipa mgongo. Nikakaa. Fundi alikuwa wa moto, nikakanda paji, nikakanda shingo, nikakanda viganja vyake vigumu vyenye makovu ya cheche. Maji yalipopata joto nikaenda kuyabadilisha, nikarudi, nikaanza upya.